Mke wangu anamwita farasi wangu mke mwenza

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Mufindi, huku kwenye chai na ukungu. Nina miaka 41, nina mke na watoto watatu. Nalima ekari mbili na nusu, viazi na mahindi. Na nina farasi. Najua hapo umerudia kusoma. Kila ninayemwambia huuliza mara mbili.

Nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, miaka tisa katika shamba moja la wageni. Wenyewe walipoamua kurudi kwao, farasi wengine waliuzwa, akabaki jike mmoja wa kijivu ambaye hakuna aliyemtaka kwa sababu ya umri. Ana miaka 17. Mama mwenye shamba akanikabidhi yeye pamoja na tandiko kuukuu, hatamu na tupa ya kwato. Kwenye makaratasi alikuwa na jina refu la Kizungu. Mimi namwita Ukungu, kwa rangi yake, na kwa sababu asubuhi za Juni unaweza kumtafuta malishoni usimwone mpaka akupulizie pumzi shingoni.

Shangazi, nashindwa kueleza. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nikikohoa tu mlangoni nasikia analia kule bandani. Hajaniona, lakini kikohozi changu anakijua. Kukiwa na baridi kali mgongo wake unafuka mvuke kama sufuria ya uji. Naingiza mkono chini ya nywele za shingo, pale pana joto ambalo sijalipata hata kwenye blanketi. Binti yangu wa darasa la tano alikuwa haongei mbele za watu. Sasa anampanda bila tandiko hadi kisimani, na akirudi anasimulia njia nzima. Jumapili ya Matawi mchungaji alimwazima kwa ajili ya maandamano. Mzee mmoja wa kanisa akapinga, kwamba Bwana Yesu alipanda punda wala si farasi, wakabishana mpaka ibada ikachelewa, na huku nyuma Ukungu akala matawi ya waimbaji wawili.

Tatizo liko nyumbani. Mke wangu anamwita mke mwenza. Akiniona natoka na ndoo anasema, “Haya, nenda, mwenzangu anakusubiri.” Mwanzoni tulikuwa tunacheka wote. Siku hizi nacheka peke yangu.

Anasema farasi hakamuliwi, haliwi, halimi, na anakula kuliko sisi. Kula kweli anakula. Tena anamwaga: anatafuna majani, halafu anatema mabonge yaliyolowa. Mke wangu akiyaona hayo mabonge anasema hata shukrani hana. Kupunguza gharama nimekuwa nampa mahindi ambayo hatuwezi kuyapeleka mashine, yale yaliyoota ukungu stoo, nayachanganya na pumba. Mchana namfunga kwa kaka yangu chini ya miparachichi, maana pale nyasi zimestawi. Kwa hiyo si kweli kwamba namlisha chakula cha watoto. Isipokuwa Februari, pumba zilipopanda bei, nilichota madebe mawili ya mahindi mazuri bila kusema. Akahesabu. Nikamwambia ni panya. Shangazi, panya wa madebe mawili!

Sasa amekuja dalali wa Dar es Salaam na milioni mbili na nusu. Anasema kuna mtu ana farasi wa kupigia picha maharusi na kupandisha watoto ufukweni, anataka mpole. Mke wangu anasema tumuuze, tununue mtamba wa maziwa, kwa kuwa mtoto wetu wa kwanza anaingia kidato cha kwanza Januari. Kaka yuko upande wake. Jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi na mimi usingizi umenihama. Nimuuze? Au mtu mzima kumpenda mnyama kiasi hiki ni ugonjwa?

Baba wa Ukungu, Mufindi

*

Marahaba mwanangu. Kamwene.

Ya mke na ya dalali nitayajibu, lakini yatangoja kidogo. Kabla hujaendelea kusoma, nenda stoo ukayatoe yale mahindi yaliyoota ukungu, uyachimbie shimo. Yote. Usiwape kuku, wala usimpe jirani mwenye nguruwe kwa kumwonea huruma.

Nakuambia hivi kwa sababu hicho unachokiona ni kubana matumizi ndicho kinachoua farasi haraka kuliko njaa. Mahindi yaliyopata unyevu huota fangasi, na wapo wa kundi la Fusarium wanaotengeneza sumu iitwayo fumonisini. Ng'ombe huistahimili kwa kiasi kikubwa. Nguruwe humharibu mapafu. Farasi humshika ubongo: sehemu ya ndani ya ubongo inalainika na kufa akiwa hai. Utamwona anazubaa, anayumba, anazunguka bila sababu, anasimama ameegemeza kichwa ukutani, haoni, hawezi kumeza. Wengi hufa ndani ya siku chache, na hakuna dawa ya kuirudisha hali nyuma. Kuyaosha mahindi hakutoshi, kuyaanika hakusaidii, na kuyachanganya na pumba ni kuificha sumu tu. Hata punje inayoonekana safi inaweza kuwa nayo, kwa hiyo kama huna mahindi ambayo ungeyala mwenyewe, usimpe kabisa. Farasi hahitaji mahindi ili aishi, anahitaji majani. Umemwita Ukungu, basi usimlishe ukungu.

Na leo hii hii mtoe chini ya miparachichi. Najua nyanda zetu sasa ni parachichi tupu, kutoka Mufindi na Njombe mpaka Rungwe, ndiyo maana nalisema kwa nguvu ili na wengine wasikie. Majani, magome na matunda ya mti huo yana sumu kwa farasi. Huvimba mdomo, kichwa na kifua, jike anayenyonyesha huharibika kiwele, na msuli wa moyo unaweza kuumia. Nyasi nzuri za kaka yako zikatwe zipelekwe bandani, mnyama asifungwe pale.

Sasa yale mabonge. Mimi si mtu wa farasi, kwa hiyo barua yako nilimsomea daktari wa mifugo ambaye amewahi kuwatibu. Alisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye “hata shukrani hana”, akaangua kicheko. Akasema huyo mama ndiye ameona ugonjwa. Meno ya farasi yanaendelea kusogea nje ya ufizi miaka mingi kadiri yanavyosagika, na hayasagiki sawasawa. Ya juu huacha ncha kali upande wa shavu, ya chini huacha ncha upande wa ulimi. Mnyama akitafuna anajikata, basi anazungusha majani mdomoni, anaumia, anayatema. Dawa yake ni tupa maalumu ya meno, ishikwe na mtu anayejua, na farasi wa umri huo akaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Tangu wenye shamba waondoke, nani amemtazama kinywa? Wewe mwenye miaka tisa ya usaisi umeona mabonge ukaona aibu. Mkeo ameyaona akayasema. Hilo liweke akilini, nitalirudia.

Hukuniambia mengine, lakini nayahisi. Kama unamwogesha kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, soma kopo: amitrazi inaweza kusimamisha utumbo wa farasi, naye hawezi kutapika, kwa hiyo kinachokwama ndani kinamuua kwa msokoto wa tumbo. Chakula cha kuku cha dukani kiwe mbali naye, maana kingine kimetiwa monensini, ambayo huua moyo wa farasi. Na hizo pumba unazozililia bei, mpunguzie. Zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mwili ukikosa kalsiamu unaichota kwenye mifupa, mpaka uso wa mnyama unavimba. Mnyama wa kilo 400 anataka kama kilo nane za majani makavu kwa siku, maji lita 25 hadi 40, chumvi, na chokaa ya mifugo kidogo akila pumba. Utaona hapo kwamba kinachohitajika zaidi ni panga na mgongo wako, si fedha ya dukani.

Haya, tuje nyumbani.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mchungaji amemwazima Ukungu. Binti anampanda. Waimbaji wameliwa matawi yao. Mkeo, katika barua nzima, hajamgusa hata mara moja. Umewahi kumwita akaja bandani akasimama karibu nawe? Au lile banda la saa kumi na moja alfajiri limekuwa pako, mahali ambapo hakuna anayekuuliza habari za ada wala mbolea? Usinijibu mimi. Umeniandikia pia kwamba chini ya shingo ya farasi pana joto ambalo hujalipata hata kwenye blanketi. Hilo blanketi, mwanangu, mnalala wangapi?

Mwanamke anayemwita mnyama mke mwenza hagombei pumba. Debe linahesabika, na yeye amelihesabu kwa sababu ndilo linaloonekana. Anachokosa hakina kipimo: unaamka kabla yake, unakohoa mlangoni, na anayeitikia ni mwingine. Halafu ukamwambia panya. Kwa madebe mawili ungeweza kusamehewa siku ile ile. Kwa panya umemfanya ajione mjinga katika stoo yake mwenyewe.

Usije ukamwelewa vibaya, lakini, ukadhani akibembelezwa basi hoja zake zimekwisha. Hoja zake ni nzito. Shule ya serikali haina ada, sawa, ila kuna sare, godoro, ndoo, madaftari, nauli na michango isiyoisha, na Januari haimsubiri mtu. Mtamba ukizaa kuna maziwa ya nyumbani na ya kuuza kila asubuhi. Farasi wako hatalipa kamwe, na ninakuomba usianze kuniandikia mipango ya kumkodisha kwa watalii au kumvutisha magogo kule Sao Hill. Ni bibi wa miaka 17. Mkubali kama alivyo: ni gharama ya furaha.

Na gharama ya furaha si dhambi. Hapo Iringa kuna wanaume ninaowajua mimi ambao kwa mwaka wanakunywa mtamba mzima, kwato na pembe, kwa ulanzi na bia, na hakuna anayewauliza kama ni wagonjwa. Wewe furaha yako inaamka mapema, haina harufu ya pombe, na imemfungua mtoto ulimi. Marehemu baba yangu alikuwa na punda kule Makete, akimsemesha njia nzima kuliko alivyotusemesha sisi. Mama alimlalamikia punda yule kila siku, na kila siku alimwekea mabua mabichi nyuma ya jiko. Kwa hiyo si ugonjwa. Ila furaha inayolipwa na stoo ya wote lazima wenye stoo waijue bei yake. Kaeni na daftari. Andika kila kitu anachokula na kila shilingi, pamoja na madebe ya Februari. Mweleze mkeo alichokisema daktari kuhusu mabonge, kwamba yeye ndiye aliyegundua. Kisha umwombe asubuhi moja aje bandani, asije na hotuba yako, aje na karoti. Asimsogelee kwa nyuma. Asimame ubavuni karibu na bega, aongee kwanza, kiganja kiwe wazi na bapa. Na wewe ujitahidi kukaa kimya.

Kuhusu dalali, hapana. Si kwa huyu.

Nchi yetu haijawahi kuwa na huruma kwa farasi. Mwaka 1916 majeshi ya Afrika Kusini yalipoingia kupigana na Wajerumani, farasi walikufa kwa maelfu, na ndorobo waliua wengi kuliko risasi. Ndorobo ni moja. Kuna na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi wanaouma kuanzia jua kuzama mpaka linapochomoza. Ukiingia kwa farasi ambao hawajachanjwa unaweza kuwamaliza karibu wote, huku punda na pundamilia wakiubeba bila hata kukohoa. Baridi ya Mufindi inawapunguza hao visubi kila mwaka, na nina hakika kule shambani ulifundishwa kumwingiza bandani kabla ya magharibi. Pwani hakuna baridi ya kuwapunguza. Unamtoa mnyama mzee mwenye meno mabovu, unampakia lori, unamshusha Kitonga na kumpitisha Mikumi, zaidi ya kilomita 500, akafike kwenye joto abebe watoto wa watu mchangani siku nzima. Aliyemtuma dalali hukumtaja, na nadhani hata wewe humjui. Chanjo yake ya mwisho ilikuwa lini? Kama hukumbuki, hilo ndilo la kumuuliza daktari pamoja na meno, kabla mvua hazijaanza.

Mtamba, mtafutieni njia nyingine. Mwoneni afisa mifugo wa kata muulize kama kuna kikundi cha kopa ng'ombe lipa ng'ombe kwenu. Sehemu nyingi za nyanda hizi mfumo huo upo, unapewa mtamba na unalipa kwa ndama jike wa kwanza. Akipatikana, awe wa mkeo, kwa jina lake, na maziwa yawe kwenye mkono wake. Tena utashangaa: farasi ni mnyama wa kundi, na Ukungu tangu wenzake wauzwe anaishi kama mjane. Ng'ombe ni mwenza mzuri wa malisho. Minyoo yao kwa sehemu kubwa haifanani, hivyo kila mmoja anakula majani yenye mayai ya minyoo ya mwenzake bila kudhurika. Samadi ya farasi irundike miezi kadhaa ipoe na mbegu za magugu zife, ndipo iende kwenye viazi.

Lakini kama Desemba itafika, mmehesabu kwa haki wote wawili, na sare ya mtoto haipo, hapo mtoto anatangulia na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Siku hiyo mtafutie mtu wa huku huku juu, mwenye farasi wengine na banda, hata kama atakulipa nusu ya hela ya dalali. Uende naye kwa miguu, ulale kule usiku wa kwanza. Farasi hufika miaka 25 na kuzidi, bado ana safari, na hiyo safari si lazima yote iwe kwako. Najua umesoma sentensi hiyo kwa hasira.

Dalali mpigie leo. Mkeo mwite jioni, watoto wakishalala, umimine chai wewe. Na uanze na yule panya.

Shangazi